OLEANDA: KUIPANDA KWA VIJITI NA KUITUNZA PASIPO MADHARA

Neno ua katika lugha yetu lina maana zaidi ya moja. Ni kile kichanuacho mtini, ni boma lizungukalo nyumba, tena ni tendo la kuondoa uhai. Mti tutakaoueleza hapa unayo mambo yote matatu. Huchanua maua mazuri kwa miezi mingi ya mwaka, hufanya boma zuri mbele ya nyumba, na kila sehemu yake, toka mzizi hata ncha ya jani, ina sumu iwezayo kumwua mtu na mnyama. Mkulima ajuaye mambo mawili ya kwanza asilijue la tatu, heri asiupande.

Watu waulizapo habari za oleanda, aghalabu hutaka kujua jambo moja tu, yaani jinsi ya kukitia mizizi kijiti walichopewa na jirani. Jambo hilo ni jepesi, nasi tutalieleza kwa urefu. Lakini yapasa kufahamu kwamba hatari kubwa ya mti huu haimo sana katika mti usimamao shambani. Imo katika mabaki ya kazi ya mikono yetu: majani tuyaondoayo tutengenezapo vijiti, maji ya chupa tuliyoyatumia, na matawi tuyapogoayo kisha tukayaacha kando ya njia. Kwa hiyo hatutatenga mafundisho ya kupanda na mafundisho ya kujihadhari. Kazi ni moja.

MTI WENYEWE

Jina lake la kitaalamu ni Nerium oleander. Majani yake ni marefu na membamba mfano wa bapa la mkuki, magumu kama ngozi, ya kijani kilichoiva, na katikati ya jani umepita mshipa mweupe. Aghalabu hutoka matatu matatu katika kila kifundo cha tawi. Hiyo ndiyo alama nyepesi ya kuutambua. Maua huwa meupe, ya waridi au mekundu, mengine ya safu moja yenye petali tano, mengine yamejazana safu juu ya safu. Mti ukiachwa hufika futi 10 hata 15, nao huchipua mashina mengi toka chini.

Asili yake ni nchi zilizo kando ya Bahari ya Kati na kuendelea mashariki katika Asia. Waarabu huuita difla, na katika Omani humea wenyewe katika mabonde ya mawe, mahali ambapo mto hupita siku chache za mvua kisha hukauka. Habari hiyo yafaa kukumbukwa, maana yaeleza tabia yote ya mti. Hupenda jua kali. Huvumilia kiangazi kirefu, kwa sababu mizizi yake hufuata maji yaliyo chini. Wala hauogopi sana chumvi, na kwa ajili hiyo husitawi pwani, hata mahali upepo wa bahari unapounguza majani ya mimea mingine. Bara nako humea. Nairobi huonekana katika bustani nyingi, ila penye baridi hukua polepole zaidi.

KWA NINI VIJITI WALA SI MBEGU

Oleanda huzaa maganda marefu yenye mbegu za manyoya, nazo huota. Lakini mche utokao katika mbegu haulazimiki kufanana na mama yake. Ukipanda mbegu za mti wenye maua mekundu ya safu nyingi, waweza kungoja miaka miwili au mitatu, kisha ukapata maua ya waridi ya safu moja. Kijiti hakibadiliki hivyo. Mkulima wa muhogo ajua jambo hili bila kufundishwa: akata shina la muhogo aupendao, alipanda, avuna muhogo ule ule. Ndivyo ilivyo kwa oleanda.

Tena kijiti hakina gharama, nacho huenea upesi toka mkono hata mkono. Katika Marekani kuna mji wa kisiwani uitwao Galveston, katika jimbo la Texas, ujulikanao sana kwa maua haya. Habari zake zasema kwamba mwaka 1841 mfanyabiashara mmoja, Joseph Osterman, alileta miche michache toka Jamaika akawapa jamaa zake. Wao wakawagawia majirani, na majirani wakawagawia wengine. Tarehe 8 Septemba 1900 tufani kubwa iliupiga mji ule ikaua watu wapatao 6,000 au zaidi. Baadaye ardhi yake iliinuliwa kwa mchanga uliochimbwa chini ya maji ya bahari, nao ulikuwa na chumvi. Oleanda ilikuwa miongoni mwa mimea iliyopandwa tena kwa wingi, kwa kuwa iliweza kuishi katika udongo ule. Sisi tukaao pwani tuna udongo wa namna hiyo katika sehemu nyingi, wala haukuletwa na tufani.

WAKATI WA KUKATA

Kijiti cha oleanda hushika karibu wakati wo wote mti unapokua. Lakini mkulima mwenye busara huhesabu nyuma toka siku za mvua. Pwani masika huanza mwishoni mwa Machi au Aprili. Basi kata vijiti Desemba au Januari, vitoe mizizi na kukaa katika makopo wakati wa kaskazi, ili mvua ikianza miche iwe tayari kwenda shambani. Watu wapatao mvua nzuri ya vuli waweza kukata Julai au Agosti. Kijiti kikatwacho siku ile ile mvua inyeshapo kitashika vile vile, lakini kitakuwa tayari mvua imekwisha, nawe utakuwa mtumwa wa ndoo.

KUKATA VIJITI

Kabla hujashika kisu, fanya mambo matatu. Funga mbuzi na kondoo mahali pa mbali. Tandika gunia kuukuu au mkeka mbovu chini ya mahali utakapofanyia kazi, ili kila jani lianguke juu yake. Na uchimbe shimo lenye kina cha futi 2 au 3, mbali na kisima. Wengi huchimba shimo baada ya kazi, hali wamechoka, ndipo wasemapo, "Nitazika kesho." Na mbuzi hula leo.

Chagua mti mama wenye afya na maua uyapendayo. Tafuta tawi la mwaka huu, lisilo na maua, unene wake kama kalamu ya risasi. Ncha laini ya kijani huoza, na tawi la zamani lenye ganda la kijivu hukawia mno. Tawi lifaalo ni la katikati: ukilipinda hukubali kidogo, kisha hukaza. Kata vipande vya inchi 6 hata 8. Mkato wa chini upite mara moja chini ya kifundo, maana hapo ndipo mizizi ipendapo kutokea. Tumia kisu kikali. Kisu butu hulisaga ganda, na mahali paliposagwa huoza.

Kisha ondoa majani yote ya sehemu ya chini, uyaache matatu au sita tu ya juu, nayo uyakate nusu. Watu huona huruma kuyakata, lakini sababu yake ni hii: jani hutoa maji hewani mchana kutwa, na kijiti hakina mizizi ya kuyarudisha. Kijiti chenye majani mengi hujikausha chenyewe. Utaona utomvu ukitoka penye mkato. Usiuguse kisha ukasugua macho, wala usitie vidole kinywani. Kwa watu wengine huwasha ngozi. Kazi ikiisha, osha mikono na kisu kwa sabuni. Kisu hicho kisirudi jikoni kabla ya kuoshwa, na kijiti cho chote cha oleanda kisitumiwe kamwe kukorogea chungu wala kuchomea mishikaki.

Sasa kunja gunia pamoja na vyote vilivyomo, uvimimine shimoni, ufukie na kukanyaga. Usivichome moto, kwa kuwa moshi wake nao ni mbaya kwa kifua. Wala usivitupe katika rundo la samadi, maana kuku hulichakura na ndama hulilamba.

KUTIA MIZIZI

Njia ziko mbili, na zote ni njema.

Ya kwanza ni maji. Chukua chupa, ya rangi nyeusi au kijani ikipatikana, utie maji safi kiasi cha inchi 3, uweke vijiti vitatu au vinne. Majani yasizame. Weka chupa mahali penye mwanga lakini jua lisiipige moja kwa moja. Badili maji kila siku ya pili au ya tatu, maana maji yaliyochacha huozesha. Katika joto la pwani mizizi myeupe huanza kuonekana baada ya majuma mawili hata manne. Njia hii yapendeza, hasa kwa wanaoanza, kwa kuwa mtu aona kazi ikiendelea. Lakini maji yale ni sumu. Chupa yenye maji na vijiti, iliyo dirishani, humvuta mtoto mwenye kiu. Kwa hiyo ifunge kitambaa chekundu au uitie alama nyingine ijulikanayo na watu wote wa nyumbani, uiweke juu kuliko mkono wa mtoto, na maji ya kila mara yamwagwe shimoni, yasimwagwe uani kuku wanywapo. Chupa hiyo isitiwe tena mafuta ya kupikia wala maziwa.

Ya pili ni mchanga. Tafuta mchanga mnene wa mtoni. Mchanga wa ufukoni uoshwe mara kadhaa ili kupunguza chumvi, kwani mti mkubwa huivumilia lakini kijiti kisicho na mizizi hakiiwezi. Jaza sanduku au debe lililotobolewa chini. Toboa shimo kwa kijiti kingine, ukitie kipandikizi nusu ya urefu wake, ushindilie kwa vidole. Weka kivulini chini ya makuti, unyunyize kila siku ili mchanga uwe na unyevu, usiwe tope. Baada ya majuma manne hata nane, vuta kijiti kidogo kwa upole: kikikataa kutoka, kimeshika. Mimi napendelea mchanga. Mizizi ya majini huwa laini na huvunjika kwa urahisi wakati wa kuhamisha, na ya mchangani imekwisha kuzoea shida. Tena mchanga haunywewi.

Ukitumia maji, usingoje mizizi ijae chupa nzima. Ifikapo urefu wa inchi moja, hamisha.

KUHAMISHIA KATIKA MAKOPO

Changanya udongo wa shamba, mchanga na mboji ya majani kwa kadiri sawa. Kopo kubwa la maziwa ya unga au nusu ya debe yafaa, mradi lina matundu chini. Mwagilia mara moja kwa wingi, kisha uache juu pakauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Juma la kwanza miche ikae kivulini, la pili ipate jua la asubuhi, la tatu ipate la mchana. Mche uliotolewa kivulini na kutiwa juani siku moja huungua majani, na mwenyewe husema mti hauna bahati.

MAHALI PA KUPANDA

Hapa ndipo shauri kubwa lilipo, nami naomba lisomwe polepole.

Mti huu hutaka jua. Kivulini hurefuka ukawa mwembamba, ukatoa majani bila maua. Kama ni boma, acha futi 4 hata 6 kati ya mche na mche. Kama ni mti mmoja mmoja wa pambo, acha futi 8 au 10. Shimo la futi moja na nusu kila upande latosha. Usizidishe samadi, maana yake utaijaza majani tu.

Lakini usipande karibu na kisima, birika la kunyweshea mifugo, zizi, banda la kuku, njia ipitayo mbuzi, wala mahali wachezapo watoto wadogo. Upepo huchukua majani makavu na maua yaliyoanguka mbali kuliko udhanivyo. Wapo wanaosema, "Mbuzi hawali oleanda, basi ndilo boma jema la zizi." Neno hilo lina nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo imponzayo mtu. Jani bichi ni chungu mno, na mnyama aliyeshiba huliacha. Lakini mnyama mwenye njaa mwishoni mwa kiangazi, wakati kila kitu kimekauka isipokuwa oleanda, haangalii uchungu. Na jani likikauka uchungu hupungua, ila sumu haipungui hivyo. Kwa boma la zizi panda mchongoma. Oleanda mahali pake ni mbele ya nyumba, upande wa barazani, ndani ya uzio.

Ng'ombe mzima aweza kufa kwa majani 10 hata 20 tu. Kwa mbuzi hesabu ni ndogo zaidi. Mkulima mwenye mbuzi watatu afikiri mwenyewe majani mangapi yaanguka apogoapo mti mmoja.

KUPOGOA

Maua hutoka katika ncha za machipukizi mapya, basi kupogoa huzidisha maua. Fungu moja la maua likiisha, kata kila tawi lililochanua, upunguze kama theluthi yake, juu kidogo ya kifundo. Chini ya mkato aghalabu hutoka machipukizi matatu badala ya moja. Ukitaka mti wenye shina moja, ng'oa machipukizi ya chini kila mara. Ukitaka boma, yaache. Mti mzee uliochakaa waweza kukatwa hata futi 2 toka ardhini, nao utachipua upya.

Ajali nyingi zaweza kutokea wakati huu. Mtu apogoa boma lake Jumamosi, arundika matawi nje ya uzio, asema yakikauka yatakuwa mepesi kubeba. Jumatatu mchungaji mtoto apita na kundi, wala hajui rundo lile ni la nini. Mwenye boma hakumlisha mnyama wa mtu, lakini mnyama amekufa, na jirani amekosa ada ya shule. Pogoa kiasi uwezacho kuzika siku ile ile. Kama boma ni refu, gawanya kazi kwa siku nyingi.

DALILI ZA SUMU

Sumu ya oleanda hushika moyo. Mnyama aliyekula huacha malisho, hutoa mate, huumwa tumbo, huharisha, pengine pamoja na damu; mapigo ya moyo hupoteza mpango wake, mara polepole, mara mbio; kisha huanguka. Mara nyingine mwenyewe hukuta mzoga tu, hakuona dalili. Ukimshuku mnyama, liondoe kundi mahali pale mara moja, umweke mgonjwa kivulini, usimkimbize wala kumswaga, kwa maana moyo wake hauna nguvu ya safari. Mwite mganga wa mifugo, umwonyeshe majani. Nyama ya mnyama aliyekufa kwa sumu hii isiliwe, wala mbwa wasipewe.

Mtu hupatwa na kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, kizunguzungu, na moyo kwenda ovyo. Mtoto aliyetafuna jani au ua apelekwe hospitali bila kungoja dalili, na jani lipelekwe pamoja naye ili daktari ajue. Usimlazimishe kutapika. Wapo pia wapikao majani haya kwa dawa za matumbo, za vidonda au za mimba. Kipimo cha dawa na kipimo cha kifo katika mti huu vimekaribiana mno, wala hakuna mtu awezaye kuvipima kwa sufuria.

WADUDU

Wadudu mafuta wa rangi ya manjano hukusanyika katika ncha changa. Wapige kwa maji ya sabuni asubuhi, urudie baada ya siku chache. Kiwavi mkubwa wa kijani, mwenye madoa mawili kama macho ya buluu karibu na kichwa, ni mtoto wa nondo mzuri sana. Hula majani haya bila kudhurika. Mwokote kwa mkono. Ukiona vinundu vyeusi vyenye mikwaruzo juu ya matawi, ni ugonjwa wa vijidudu: kata mbali chini yake, uzike, usafishe kisu kwa maji ya moto na sabuni, wala usichukue kijiti katika mti huo.

MTI MWINGINE WA KUTAHADHARI

Katika bustani nyingi kuna mti wenye maua ya manjano kama kengele, majani membamba zaidi yasiyo matatu matatu, na matunda ya kijani yenye kokwa gumu pembe pembe. Huo nao huitwa oleanda ya manjano. Ni jamaa yake, si yeye. Aghalabu hupandwa kwa mbegu, na mbegu zake ni sumu kali. Watoto hupenda kuchezea yale makokwa. Yaokoteni.

KUFURAHIA MAUA

Baada ya maonyo hayo mtu aweza kuuliza, ya nini basi kuwa na mti huu? Kwa sababu nyumba ya mkulima si ghala tu. Mwezi wa Januari, wakati majani ya mboga yamenyauka na ua wote umekuwa vumbi, oleanda husimama kijani, imejaa maua, wala haikuomba ndoo hata moja. Aina nyingine, hasa za safu moja, hutoa harufu nzuri jioni. Weka kiti cha barazani upande unakotoka upepo.

Maua yaliyokatwa hudumu siku chache katika chombo cha maji. Chombo kiwe cha kazi hiyo tu, nayo maji yamwagwe shimoni. Wanawake wa pwani hupenda asumini na kilua. Basi oleanda isichanganywe katika kikuba wala shada la nywele, wala isitandazwe kitandani siku ya arusi, wala isipambe sinia ya chakula. Ionwe mtini, huko ndiko inakopendeza zaidi.

Jirani akiomba kijiti, mpe kilichokwisha kutia mizizi ndani ya kopo, usimpe tawi bichi la kubeba mkononi, maana ataliweka chini mahali fulani kabla hajafika kwake. Umweleze habari ya sumu siku hiyo hiyo, mbele ya watu wa nyumbani mwake, hasa mtoto yule achungaye mbuzi.